Tiki ya kijani

Saa tatu usiku, kila siku ya Mungu, kwa wiki sita, orodha ilishuka kwenye grupu. Majina themanini na kitu, mbele ya kila jina kiasi alichoahidi mwenyewe, na kwa waliokwisha kutoa, tiki ya kijani. Ilikuwa harusi ya binti wa binamu yangu, Tanga, na mimi niliahidi laki moja, yaani kadi ya dabo.

Katibu wa kamati ni muungwana. Hakunipigia simu hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kunakili orodha ya jana, kuongeza tiki mpya, na kumalizia na maneno yale yale: "Tunaendelea kukumbushana, wapendwa. Siku ni chache." Wiki ya tano tulibaki wanane tusio na tiki. Wiki ya sita tukabaki watatu: mimi, jamaa mmoja aliyeko Muscat, na marehemu mmoja ambaye hakuna aliyekumbuka kumfuta.

Usiku ule nilikopa kwenye simu nikatuma. Kesho yake saa tatu tiki yangu ikatokea, na chini yake watu wawili wakaniwekea mikono ya dua. Nililala vizuri kama mtu aliyefutiwa kesi.

Sasa niulizeni nani alinilazimisha. Hakuna. Katibu hana mamlaka juu yangu, bi harusi hajui niliahidi nini, na ningeweza wakati wowote kulefti. Lakini nani analefti grupu la ukoo? Ile mistari midogo inayosema fulani amejitoa huzungumzwa mwaka mzima, na wanawake wa upande wa baba yangu wanaikariri kama nasaba.

Nimeifikiria sana orodha ile, kwa sababu naona ndani yake namna tunavyotawaliwa siku hizi. Tumezoea kutafuta utawala mahali penye bunduki na mihuri. Upo huko pia, sikatai. Ila sehemu kubwa ya mambo ninayofanya bila kutaka nayafanya kwa kuogopa kuachwa nje ya kitu ambacho wenzangu wote wamo ndani. Neno lenyewe mtandao limetoka kwenye kutanda. Kitu kikishatanda, hakikufukuzi wala hakikushiki. Wewe ndiye unayekosa pa kusimama.

Na hili si jambo la kigeni kwetu. Kijijini kwa bibi yangu, upande wa Pangani, mtu aliyezoea kukwepa misiba ya wenzake, siku yake ilipofika aliona. Watu walikuja kuzika, maana maiti hana kosa, lakini walikuja wachache na hawakukaa matanga. Hakuna aliyetoa amri. Asiyezika hazikwi, na kila mmoja alilijua hilo tangu utotoni. Kutengwa ilikuwa adhabu kali kuliko faini, na ilikuwa na ukatili wake. Najua mjane mmoja aliyeishi nao miaka kwa uvumi wa uchawi ambao ulikuwa uongo mtupu, kwa hiyo msidhani nalilia zamani.

Ila kutengwa kule kulikuwa na mlango wa kurudi. Mkosaji alimtafuta mtu anayesikilizwa, shangazi au imamu, akaenda naye barazani, akaomba radhi, ikasomwa fatiha, ikanywewa kahawa, yakaisha. Waliokutenga walikuwa na majina, na ulijua nyumba zao.

Mitandao inayotushika leo haikubuni adhabu mpya. Imeichukua ile ile ya kutengwa, ikaipanua hadi ifike nchi nzima, halafu ikamwondoa mzee wa kumwendea.

Chukueni mikopo ya simu. Binamu yangu mwingine, fundi wa magari, alikopa shilingi elfu arobaini na tano kwenye programu moja ambayo sitaitaja. Alipoiweka kwenye simu ilimwomba ruhusa ya kusoma majina aliyohifadhi na jumbe zake fupi. Mtoto alikuwa na homa. Nani anasoma masharti mtoto akiwa na homa? Akabonyeza "ruhusu". Siku ya nane, deni likiwa limepita siku moja tu, simu yangu iliingia ujumbe kwamba bwana huyu ni mdaiwa sugu, kwamba mimi ndiye mdhamini wake, na kwamba nimwambie alipe kabla hatua hazijachukuliwa. Sikuwa mdhamini wa mtu. Ujumbe huo huo ulifika kwa mama mkwe wake, kwa mwenye gereji, kwa wateja wake watatu, na kwa mwalimu mkuu wa shule ya mtoto.

Alilipa jioni ile ile. Alipata wapi? Kwenye programu nyingine.

Tazameni ufundi wake. Mkopeshaji wa zamani alihitaji mahakama, dalali, na gari la kubebea makochi. Huyu hakuhitaji kitu. Binamu yangu alikuwa amebeba mfukoni orodha kamili ya watu anaowaonea haya, na mkopeshaji aliichukua hiyo akaigeuza kuwa askari mia mbili wasiolipwa mshahara, nikiwemo mimi. Mitaani mikopo ya namna hii watu wameibatiza jina la kausha damu, na sidhani kama kuna mchumi atakayeieleza vizuri zaidi.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kenya walitangulia kuumwa, kwa hiyo walitangulia pia kutunga kanuni: zile za mwaka 2022 zilimkataza mkopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Kabla ya hapo walikuwa na tatizo jingine, la CRB, zile taasisi zinazotunza rekodi za wakopaji. Mtu alikuwa anaweza kuorodheshwa kwa deni la shilingi mia mbili za Kenya, pesa ya chai na mandazi, halafu siku anaomba kazi serikalini anadaiwa cheti cha kuonyesha kwamba ni msafi. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ikasema deni lililo chini ya shilingi 1,000 lisimfikishe mtu kwenye orodha hiyo, na wakopeshaji wasiosimamiwa na benki kuu wasipeleke majina kabisa. Hadi hapo watu wangapi walikuwa wamekosa kazi kwa bei ya mandazi? Hilo halina rejista.

Lakini kisa kilichonifungua macho ni cha mama yangu.

Mama ana miaka sabini na mbili na laini moja. Laini hiyo ndiyo simu yake, ndiyo pochi yake, ndiyo daftari la kikoba chake cha akina mama. Siku moja ikafungwa "kwa sababu za kiusalama", ikiwa na laki moja na themanini elfu ndani. Tukaenda naye kwenye duka la kampuni husika na kitambulisho mkononi. Kijana wa kaunta, mpole, mwenye heshima zote, akajaribu mara tatu, akatikisa kichwa. "Shikamoo tena mama. Mfumo umekataa."

Mama akamtazama. "Huyo Mfumo ni mtoto wa nani? Niitie nizungumze naye."

Tulicheka wote dukani, na yule kijana pia. Mama hakucheka. Aliuliza kwa dhati. Katika maisha yake yote, kila lililomkataa lilikuwa na mtu nyuma yake: karani, mjumbe wa nyumba kumi, mganga, mwenye nyumba. Mtu unaweza kumbembeleza, kumpigia magoti, kumtukana, kumkumbusha kwamba ulimbeba mgongoni akiwa mdogo. Mfumo haukubebwa na mtu. Siku kumi na moja tulipiga namba ya huduma kwa wateja, tukabonyeza moja, tukabonyeza tatu, tukasikiliza muziki. Siku ya kumi na mbili laini ikafunguka yenyewe. Hatukuelezwa ilifungwa kwa nini, wala kwa nini imefunguliwa.

Wengi wetu tulionja hilo kwa pamoja wakati wa usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 1, 2019. Mwisho ulikuwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini zikaanza kuzimwa. Ili usajiliwe ulihitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na foleni za NIDA mnazikumbuka: watu walitoka majumbani alfajiri na vigoda vyao. Nia ilielezwa kuwa ni kupambana na matapeli, na matapeli kweli walikuwapo. (Bado wapo. Zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" naendelea kuzipata, sasa zikitoka kwenye laini zilizosajiliwa.) Ninachokitazama mimi ni jinsi tulivyojipanga foleni bila kuburutwa. Raia ambaye angepuuza tangazo la kupiga kura aliacha shamba siku mbili kwa ajili ya laini, kwa sababu alijua bila laini hatapokea hela ya mwanawe aliyeko Dar.

Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi wa dema. Kwa wasiolijua, dema ni mtego uliosukwa kwa fito na mianzi, unatiwa mawe ushuke chini, ndani unatiwa chambo. Ufundi wote uko mdomoni: kwa nje mdomo ni mpana, kwa ndani unazidi kuwa mwembamba. Samaki hasukumwi. Anaingia mwenyewe akifuata chakula, anakula, anashiba, na ni pale tu anapotaka kutoka ndipo anapogundua umbo la mahali alipo. Baba mdogo alikuwa akisema wavu unamkamata samaki, lakini dema linamkaribisha.

Pesa za simu zilitukaribisha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na anayesema hazikutuokoa hajawahi kumpa kondakta wa basi bahasha yenye ada ya shule kisha akaomba Mungu hadi jioni. Tuliingia kwa furaha na tulikuwa na haki ya kufurahi. Mlango wa ndani tuliuona baadaye. Julai 2021 serikali ya Tanzania ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa, haikuhitaji mtoza ushuru hata mmoja. Watu wote walikuwa tayari wanapita mlango mmoja, na kilichobaki ni kukaa mlangoni.

Nitakuwa mwongo nikiishia hapo, kwa sababu safari ile samaki walitikisa dema. Watu walinung'unika, wakarudi kwenye noti, wakarudi hata kwa makondakta. Mwezi Septemba mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000, na bajeti ya 2023 ikaifuta kwenye kutuma pesa. Waganda nao, walipotozwa shilingi 200 zao kwa siku kuanzia Julai 2018 ili waweze kutumia mitandao ya kijamii, walikimbilia kwa wingi VPN, zile programu za kuficha uko wapi na unafungua nini, na kodi ile ilidumu miaka mitatu tu kabla haijabadilishwa kuwa kodi ya bando. Mtandao unamtegemea aliyemo. Ndiyo maana unaogopa watu kutoka wengi kwa mpigo, na haujali kabisa akitoka mmoja. Mama yangu alikuwa mmoja.

Kuhusu kuzima intaneti kabisa, nitapita haraka, maana kila mtu ameliona na si ufundi, ni nguvu tu. Uganda ilizimwa Januari 2021 kwenye mkesha wa uchaguzi kwa karibu siku tano. Tanzania ilizimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, na tukakaa gizani siku kadhaa. Anayezima amekwisha kukiri kwamba njia za ulaini zimemshinda. Mtawala mwerevu anakuacha uendelee kuzungumza, huku akijua unazungumza na nani.

Tena kushika fundo la mawasiliano ni mchezo wa kale hapa pwani. Waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879. Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyetaka usultani wa Zanzibar, alipoingia katika jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza, mwakilishi wao aliuliza London kwa waya ule kama anaruhusiwa kupiga mizinga, na jibu likarudi kabla Khalid hajazoea kiti. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, mizinga ikaanza, na haikufika saa moja mambo yakawa yamekwisha. Swali lile lingekwenda kwa jahazi, Khalid angetawala walau hadi pepo zigeuke.

Najua nitakachoambiwa kwenye maoni: acha kulalamika, tupa simu. Rafiki yangu mmoja alijaribu. Alifunga WhatsApp kwa mwezi mzima, akatangaza kwamba amepata utulivu wa moyo, na katika mwezi huo akakosa mazishi ya mjomba wake kwa sababu taarifa ilitolewa kwenye grupu na kila mtu alidhani mwingine amempigia. Hadi leo anaomba radhi. Kutoka ni anasa ya mtu mwenye dereva na katibu muhtasi.

Wengine watasema tatizo ni kampuni za ughaibuni. Kiasi ni kweli. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa karibu saa sita, mama lishe wa mtaani kwetu anayepokea oda kwa WhatsApp alibaki na sufuria zima la pilau, na chanzo kilikuwa mafundi waliokosea mipangilio huko Marekani. Lakini programu iliyomdhalilisha binamu yangu ilikuwa na maneno ya Kiswahili safi cha Dar, na orodha ya harusi iliandikwa na mtu ninayemwita kaka. Siwezi kuwasingizia wageni kila kitu. Sisi wenyewe tunapenda orodha. Nikiri kwamba kabla sijalipa niliikagua kila usiku nikiangalia nani mwingine hajalipa, na nilipomwona mtu fulani mwenye gari zuri hana tiki nilifarijika sana.

Ninachotaka mimi ni kidogo na ni cha kizamani: mtu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya ulinzi wa taarifa, na ya kwetu ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, zote zinagusa haki ya mtu kupinga uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Haki hiyo ingepewa meza na kiti. Kila kampuni inayoweza kumfungia mtu pochi yake iwe na ofisi yenye binadamu mwenye jina kifuani, anayesema Kiswahili, mwenye uwezo wa kusema "nimekosea, mama" na kufungua laini hapo hapo, na asipofungua aandike sababu na kutia saini. Itawagharimu fedha, najua. Tunawalipa makato kila siku, hawataanguka. Na kampuni ikikataa nitajua kwamba muziki ule wa kusubiri umewekwa makusudi.

Harusi yenyewe ilikuwa nzuri. Kadi siku hizi haziletwi na watoto nyumbani. Zinakuja kwa ujumbe, na pembeni zina ule mraba wa vidoti unaosomwa na simu. Nilifika ukumbini na mke wangu saa mbili usiku. Kijana wa mlangoni, amevaa skafu ya kamati, akaelekeza simu yake kwenye kadi yangu, akasubiri, akakunja uso. Akajaribu tena.

"Samahani mzee. Mfumo unasema kadi hii imeshatumika."

Nikamwambia nimelipa, nina tiki, aangalie kwenye grupu. Akasema grupu halimo kwenye mamlaka yake. Nyuma yetu foleni ikaanza kukohoa. Nilianza kutafuta ule ujumbe wa muamala, mikono inatetemeka kama mwizi, ndipo shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango akipepewa na mjukuu, akainua fimbo yake.

"We mtoto, huyo ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mpishe."

"Bibi, mfumo..."

"Nimesema mpishe."

Tukapita. Nilipogeuka kumshukuru nilimwona bwana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, amevaa suti ya kijivu, harufu ya marashi mazuri. Baadaye niliuliza upande wa bwana harusi, nikauliza upande wetu, hakuna aliyemjua. Kadi yake ilisomwa mara moja, tiki ya kijani, akaonyeshwa meza ya mbele.